Faili Mbili Zenye Namba Moja

Mara mbili Mukamana aliomba faili za kubadilisha hifadhidata zipewe majina ya tarehe na saa. Mugenzi, kiongozi wa timu yao ya mfumo unaowakumbusha wajawazito siku za kliniki kwa simu, alikataa. "Namba inatosha, dada."

Jumatatu, bila kuambiana, kila mmoja aliandika faili akaiita 48. Ya Mugenzi ikatangulia kuendeshwa, ikafuta namba za simu za wajawazito wa Gahanga kabla ile ya Mukamana haijazihamishia jedwali jipya. Nakala ya akiba haikuwepo.

Wiki mbili walizunguka Gahanga wakibisha hodi, wakiziomba namba upya. Mlango mmoja ulifunguliwa na mwanamume mwenye macho mekundu.

"Mke wangu tumemzika jana," alisema. "Mlimwahidi mtampigia siku ya kliniki. Alingoja."

Njiani Mugenzi akanong'ona, "Tutatumia tarehe."

Mukamana alitembea tu, akilia.