Harufu ya Kitanda Chetu

Mke wangu alikuwa hajapata usingizi tangu walipomtoa kwenye mashine ya kupumua. Macho yake, mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu, yalifuata kila taa na kila mlio katika chumba kile cha wagonjwa mahututi.

“Mzee, sikufichi,” daktari aliniambia. “Asipolala atachoka kupumua. Akichoka tutamrudisha kwenye mashine, na safari hii sioni akitoka.” Dawa za usingizi alikataa kumpa, zingeizima hata ile pumzi kidogo iliyobaki.

Mimi sikai na tatizo mikono mitupu. Elimu yangu ni ya shule ya jioni, lakini ninachosoma hukisoma hadi ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimesoma kwamba wagonjwa mahututi wakinusishwa mafuta ya lavenda, ua lenye harufu tamu, wengine hulala afadhali. Daktari akainua mabega: hayatadhuru. Nikanunua kichupa. Nilipokifungua dukani nikatabasamu. Ilikuwa harufu ya kitanda chetu. Miaka yote ya ndoa nimesinzia nikiinusa kwenye nywele zake.

Mchana, saa ya kuona wagonjwa, nesi alitia matone mawili kwenye pamba, akaibandika pembeni mwa mto. Mdogo wake mke wangu, ambaye ulimi wake hauna breki, akaingia akinusanusa.

“Shemeji, unanukia kama bwana harusi. Umeanza kutafuta mwingine na dada yangu anakusikia?”

“Nyamaza. Ni dawa ya usingizi.”

Mke wangu akafumba macho. Nikabana pumzi. Kisha yakafumbuka, na mikono ikaanza kutembea juu ya shuka. Alitafuta pindo, akalinganisha kona na kona, akakunja, akalainisha kwa kiganja, akatafuta pindo jingine.

“Anataka kung'oa sindano?” nesi akauliza.

Shemeji hakuwa na mzaha tena. Yeye na dada yake walifanya kazi pamoja, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli, mpaka walipozeeka.

“Anakunja mashuka,” alisema. “Haya mafuta ndiyo tuliyokuwa tukinyunyizia kabla ya pasi. Shemeji, umemletea kazi kitandani.”

“Lakini harufu hii nimelala nayo maisha yangu yote.”

“Wewe ulilala nayo. Yeye alishinda nayo.”

Nesi akaitoa pamba, akabadilisha foronya. Mikono haikusimama.

“Bado mangapi?” mke wangu akanong'ona.

“Yamekwisha, mama,” nesi akamjibu.

“Mwongo. Toroli hilo hapo.” Alikuwa akitazama toroli la dawa.

“Basi tujaribu harufu nyingine,” nesi akasema. “Alipokuwa anapumzika, alipenda nini? Sabuni fulani? Maua? Chai?”

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatikisa kichwa. Nikamtafuta mke wangu kichwani mwangu, chumba kwa chumba: jikoni amesimama, uani ameinama, mlangoni anavaa viatu kabla hakujapambazuka. Hata siku za homa alikuwa akishona vifungo vya watoto. Sikumkuta amepumzika.

Jioni pumzi zikaanza kukatika, na daktari akaagiza mashine isogezwe. Waliponitaka nitoke niliomba muda kidogo, nikashika kona mbili za shuka upande wa miguuni. Hakunitazama. Alivuta zake, shuka likanyooka.

“Vuta vizuri,” alisema. “Usilegeze.”

Nikavuta, mpaka walipofika na mrija wa mashine.