Zamu ya Gredi ya Sita

Mavi ya ng'ombe yalikuwa yamekauka njiani, na Mutindi ikambidi ayalainishe kwa maji aliyobeba mgongoni kutoka mtoni, maji ambayo nyumbani yangepika chakula cha jioni na kunywesha mbuzi. Akapiga magoti kwenye pembe ya darasa la Gredi ya Sita, akachanganya mavi na jivu na udongo mwekundu, akaanza kukandika sakafu kwa viganja, akirudi nyuma kidogo kidogo. Sakafu ya darasa hilo ilikuwa vumbi tupu, na vumbi lilikuwa na funza. Watoto walikuwa wakirudi nyumbani wakichechemea. Hedimasta alikuwa amesema funza ni jukumu la wazazi.

"Hawa funza wana bidii kuliko sisi sote," alisema Syokau, jirani yake, aliyekuwa akikandika upande wa dirishani. "Kila siku wako darasani. Hawajui kukosa."

Wanawake wakacheka. Mutindi naye alicheka, kisha akainua kichwa kupumzisha shingo, na macho yake yakatua ubaoni. Katikati ya ubao, pale mwalimu anapoandika, nyigu walikuwa wamejenga kiota cha tope. Kilikuwa kikubwa kama ngumi, kimekauka kabisa. Nyigu hajengi mahali panapoguswa. Kicheko kilimwisha.

"Mwalimu Mutie aliingia humu lini?" aliuliza.

"Si unamwona kila asubuhi?" Syokau alisema. "Muulize hukohuko mtoni."

Kweli alikuwa akimwona. Mwalimu Mutie ndiye aliyepewa Gredi ya Sita, na jina lake lilikuwa limepakwa rangi mlangoni. Lakini asubuhi, Mutindi akiwa ameinama ndani ya shimo alilochimba kwenye mto mkavu, akingoja maji yachuruzike yajaze kikombe, Mwalimu Mutie alikuwa amesimama ukingoni, akiwaelekeza vijana waliopakia mchanga kwenye lori lake. Kadiri mchanga ulivyoondoka, ndivyo maji yalivyozidi kwenda chini. Hata hivyo alikuwa mtu wa heshima. Hakumpita mtu bila salamu.

"Mama Kasiva, hujambo? Kasiva anaendelea vizuri na masomo?"

Alikuwa akimuuliza hivyo, yeye aliye mwalimu wa Kasiva.

Kasiva hakuwa akiendelea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtihani wa Gredi ya Sita ulikuwa mwisho wa muhula huo, na Mutindi, ambaye hakuwahi kukalia dawati maishani, alikuwa ameligundua jambo hilo mwenyewe. Mbuzi wao mmoja aliugua. Akanunua dawa sokoni Matinyani, akampa mtoto pakiti amsomee ni kiasi gani cha kumnywesha. Kasiva aliiangalia ile pakiti mpaka moto ukaanza kufifia. Akaigeuza. Akaiangalia upande wa pili.

"Mwaitu, sijui," alimwambia mama yake.

Hakulia. Alisema kama mtu anayesema chumvi imeisha. Mutindi akakisia dawa, na mbuzi akafa. Lakini si mbuzi aliyemkosesha usingizi.

Mwanzoni mwa mwaka hedimasta, Mwalimu Muthama, alikuwa amewakusanya wazazi akawaambia kwamba serikali sasa inataka mzazi ashiriki katika elimu ya mtoto wake. Akatafuta neno ambalo wangelielewa, akalipata. "Kuanzia leo," alisema, "shule hii ni mwethya."

Wakaelewa. Hakuna aliyekulia huko asiyejua mwethya. Leo kikundi kizima kinalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mwingine, mpaka kila mtu apate zamu yake. Asiyefika bila sababu, wenzake huenda nyumbani kwake wakakamata kuku, wakampika na kumla palepale, na mwenye kuku hana la kusema. Kwa hiyo walikuja. Walijenga ua wa shule kwa miiba. Walibeba maji ya chai ya walimu. Ndengu zilipokomaa, waliitwa wakavune shamba la hedimasta mwenyewe, wakaambiwa ni shamba la mfano, wakavuna. Mutindi hakukosa hata mara moja. Alikuwa akitoa, na katika mwethya anayetoa hupewa.

Mchana huo waliambiwa wanawe mikono, kuna mgeni. Maji yalikuwa yameisha, wakajifuta kwa majani. Hema jeupe lilikuwa limesimamishwa uwanjani, na ndani yake viti vya plastiki vya wageni na soda juu ya meza. Wazazi walikaa chini, juani, mikono ikinuka mavi. Mgeni alikuwa Madam Ndunge, afisa wa elimu, na fulana yake ilikuwa na maandishi makubwa kifuani. Aliwasomea maandishi hayo kwa kidole, neno moja moja, kama anavyofundishwa mtoto mdogo: Mzazi Mshiriki.

"Nimezunguka shule nyingi," alisema, "lakini wazazi wa hapa ni mfano. Nimeona ua. Nimeona sakafu. Mwalimu Muthama, pongezi." Hedimasta akainamisha kichwa. "Sasa, kuna mzazi ana neno?"

Ilikuwa desturi kwamba hakuna mwenye neno. Mutindi akasimama.

"Mimi ni Mama Kasiva," alisema. "Sijui kuongea kwa mikutano, Madam, mnisamehe."

"Ongea, mama. Hapa ni kwenu."

"Tumefanya mwethya tangu shule ifunguliwe. Tumejenga ua. Tumebeba maji. Tumevuna ndengu za Mwalimu."

Wanawake wengine walianza kutazama miguu yao.

"Shamba la mfano," hedimasta alimweleza Madam, akitabasamu. "Watoto wanajifunza kilimo."

"Liko nyumbani kwake," Mutindi alisema, bila ukali, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Na silalamiki. Mwethya ni mwethya. Lakini mwethya una zamu, na mimi zamu yangu haijafika. Sitaki mnilimie. Ninaomba mwalimu aingie Gredi ya Sita afundishe mpaka mtihani. Ni hilo tu."

Madam Ndunge aliweka soda yake chini. "Mama, walimu hawatoshi. Hilo ni tatizo la nchi nzima."

"Huyu anatosha, Madam. Yuko mtoni anapakia mchanga. Hata sasa akiitwa atasikia."

Mutindi alingoja Madam aulize ni mwalimu gani. Madam hakuuliza.

"Mambo ya waajiriwa yana njia zake," alisema. "Leo tumekuja kuongea juu ya mzazi. Hebu niambie, wewe kama mzazi, umefanya nini? Jioni unakaa na mtoto? Unamsaidia kazi aliyopewa?"

"Sijui kusoma, Madam."

"Mnaona?" Madam aliwageukia wengine, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Shida inaanzia hapa."

Mulinge, mwenyekiti wa wazazi, mzee wa kanisa, alinyanyuka kitini kwake ndani ya hema. "Na Baba Kasiva je? Hatujawahi kumwona hapa. Mwanamke anaachiwa boma, anabaki na maneno."

"Baba Kasiva yuko Kiboko, kwa kibarua. Unajua, Mulinge. Mlienda naye, wewe jua likakushinda ukarudi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Syokau alimvuta Mutindi leso. "Kaa chini," alinong'ona. "Utatuponza sote."

Lakini hedimasta alikuwa amesimama tayari. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliwahi kuomba walimu wawili, akanyimwa, na tangu hapo alikuwa amejifunza kuishi na waliopo, wale wenye malori na wale wasio nayo.

"Mimi simkasirikii Mama Kasiva," alisema. "Ametaka zamu. Apewe. Si tunasema mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto? Basi kuanzia leo Mama Kasiva atakaa na Gredi ya Sita. Asubuhi mpaka saa ya kwenda nyumbani. Huko ndiko kushiriki."

Madam Ndunge ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wa kwenye hema wakamfuata, kisha wa juani.

"Mwalimu, nimesema sijui kuso—"

"Utazoea. Ama unakataa? Anayekataa mwethya, tunajua hufanyiwa nini." Watu wakacheka. Hedimasta akawangoja wamalize, kisha akasogea karibu naye, akasema kwa upole, "Kasiva yuko darasa hilohilo. Ama ungependa tumtafutie shule nyingine kabla ya mtihani?"

Shule nyingine ya karibu ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Hedimasta akampa Mutindi mkono kabla hajajibu, na wote wakaona akimpa mkono.

Sakafu ilikuwa bado mbichi. Watoto waliamriwa kuvua viatu, wale waliokuwa navyo, wakaingia kwa ncha za vidole. Mtu alikuwa amekwangua kiota cha nyigu, ubao ukabaki mtupu. Mutindi alipovuka mlango, darasa zima lilisimama likaimba ile salamu ya Kiingereza, kwa sauti moja ndefu, likabaki limesimama. Aliwaambia wakae. Wakakaa. Kasiva alikuwa kwenye dawati la ukutani, ameinamisha uso.

"Karibia ubao, mama," Madam Ndunge alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameinua simu. "Shika chaki. Andika kitu, nipate picha nzuri."

"Niandike nini?"

"Chochote."

Chaki ilivunjika mkononi mwake, kwa kuwa aliikaza kama mpini wa jembe. Akachukua kipande kilichobaki, akakiweka ubaoni upande wa kushoto, akakivuta polepole mpaka upande wa kulia. Ukatokea mstari. Nyuma yake alisikia madaftari yakifunguliwa. Alipogeuka, watoto wote walikuwa wameinama, wengine wakiazimana rula, wakinakili ule mstari. Kasiva pia.

"Vizuri sana, mwalimu," Madam alisema, akatazama picha, akaridhika. "Endelea tu."

Gari la Madam liliwashwa nje, likazunguka uwanja, sauti yake ikapotea kuelekea barabarani. Watoto walikuwa wamemaliza. Waliinua vichwa mmoja mmoja wakamtazama, kalamu mikononi, wakingoja. Mutindi aliangalia mlango. Hakuna aliyekuwa akija. Akageukia ubao, akachora mstari mwingine chini ya ule wa kwanza, nao wakaunakili.