Tabaka la Chini la Keki ya Mwalimu

"Keki bila yai, bila maziwa, hiyo ni chapati imevaa suti," Benta Amolo alisema, akacheka mpaka ikabidi ashike ukuta asianguke.

Beldina alimwacha acheke. Alikuwa mtu wa kumwacha mwenzake amalize. Aliketi kwenye kigoda mlangoni pake, hapo mtaa wa Nyalenda, Kisumu, ungo mapajani, akichambua njugu karanga moja moja kama mtu asiye na siku nyingine ya kufanya kazi hiyo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kidogo." Benta akacheka tena, akajifuta macho. "Haya, nimemaliza. Nyar Seme, binti wa Seme wewe, sema ukweli. Nani alikuambia hiyo kitu itafura?"

"Hakuna aliniambia. Ndiyo najaribu."

Benta alikuwa na haki ya kucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa keki kanisani kwao. Kanisa lilikuwa la Wasabato, la mabati, na kila Sabato ya mwisho wa mwezi kila mama alikuja na sufuria yake, vyakula vikapangwa kwenye meza ndefu chini ya turubai, watu wakala pamoja. Keki ya Benta ilikaa katikati ya meza. Mayai kumi na mawili, maziwa ya ng'ombe, siagi ya kopo, na hakuna aliyewahi kubakisha hata makombo.

Hakuna, isipokuwa Mwalimu Wakoli. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, aliyefiwa na mkewe miaka mingi, na tangu presha ilipomlaza aliacha nyama, akaacha maziwa, akaacha mayai. Miaka kumi na moja sasa. Watu wakikata keki, yeye alichukua ndizi mbivu, akaimenya polepole, akasema, "Mungu abariki mikono iliyopika," kana kwamba na yeye amekula.

Sasa alikuwa amestaafu. Jumatatu angerudi kwao Kimilili, na Sabato hii ndiyo watu wangemuaga.

"Huyo mtu hawezi kutoka Kisumu na ndizi mdomoni," Beldina alisema. "Huyo ndiye alinipa macho."

Benta hakucheka hapo, kwa sababu alijua. Beldina aliacha shule darasa la tatu, huko Kombewa, mama yake alipougua. Alikuja kushika kalamu tena akiwa na miaka hamsini na nne na wajukuu wanne, kwenye darasa la ngumbaru ambalo Mwalimu Wakoli alilifundisha jioni kanisani. Wenzake walijifunza kuandika majina yao kwa wiki mbili. Yeye alimaliza miezi mitatu. Katika hiyo miezi mitatu, Mwalimu hakumwambia "haraka" hata mara moja. Siku hizi alijisomea Biblia mwenyewe, na barua za mwanawe kutoka Nakuru hazikupitia tena kwa jirani.

Keki ya kwanza aliioka Jumanne. Alijua keki inahitaji kitu cha kuifurisha, na kitu cha namna hiyo alichokuwa nacho jikoni ni magadi, yale yale anayotia kwenye mboga ili zilainike. Akatia kijiko kizima. Keki ilitoka rangi ya manjano iliyokolea, ngumu kama tofali, na ilinuka kama mboga ya mrenda. Akawatupia kuku. Kuku wakaizunguka, wakaidonoa mara moja, wakamwangalia.

"Mmekasirika sababu sikutumia mayai yenu," Beldina aliwaambia.

Jumatano akaenda kwa miguu mpaka soko la Kibuye, akanunua soda ya kuokea, ndimu, na njugu kilo moja. Njugu akaziloweka, akazitwanga, akazikamua kwenye kitambaa cheupe mpaka zikatoa tui zito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Alhamisi akakamulia ndimu juu ya soda. Ikatoa povu! Akachanganya na unga, sukari, mafuta ya kupikia na lile tui, na keki ndogo ya majaribio ikafura, ikapasuka juu kidogo kama inavyotakiwa. Wajukuu waliimaliza wakiwa wamesimama.

"Dani, kesho unapika tena?" mmoja akamuuliza nyanya yake.

"Kesho napika ya Mwalimu. Nyinyi mtakula kanisani kama watu wengine."

Ijumaa ilibidi aoke matabaka matatu, na sufuria yake ya kuokea ilikuwa moja. Hakuwa na oveni. Alitia mchanga kwenye sufuria kubwa, akatumbukiza ile ndogo ndani, akafunika, akaweka makaa juu ya kifuniko na mengine chini. Kila tabaka lilitaka saa nzima. Kwa hesabu yake, angemaliza kabla ya saa kumi na mbili, na hilo lilikuwa la lazima, maana jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, na Msabato hapiki.

Lakini saa nane mvua ikatoka upande wa ziwa bila kubisha hodi. Gunia la makaa lilikuwa nje, likalowa. Beldina alipuliza jiko, akapepea, akapuliza tena, machozi ya moshi yakimtiririka, na hakumlaani mtu. Tabaka la kwanza lilitoka saa kumi. La pili likatoka saa kumi na mbili kasoro robo. La tatu lilikuwa na dakika ishirini na tano tu kwenye mchanga alipoona kuta za majirani zimegeuka nyekundu.

Akasimama, akaangalia jua. Akaangalia sufuria. Kisha akatoa makaa yote, ya juu na ya chini, akayamwagia maji mpaka yakanyamaza. Akaifunika sufuria na gunia, akaketi.

Hapo ndipo Benta alipotokea kufuata chekecheke yake ya unga aliyomwazima Beldina.

"Jua limezama, Nyar Seme."

"Moto nimezima."

"Na hii inanukia ni nini?"

"Ni keki."

"Inafanya nini hapo ndani?"

Beldina alifikiri. "Inakaa," akasema.

Benta aliangalia gunia, akaangalia majivu yaliyolowa, akachukua chekecheke yake. "Yawa," alisema tu, akaenda.

Asubuhi Beldina alifunua. Mchanga ulikuwa bado na uvuguvugu, na lile tabaka la tatu lilikuwa limeiva sawasawa, laini kuliko mawili ya kwanza. Alionja ukingo wake akafumba macho. Angeweza kuliacha nyumbani. Lakini ndilo lililokuwa tamu kuliko yote, na Mwalimu alikuwa anaondoka. Akaliweka chini kabisa, libebe wenzake. Kati ya tabaka na tabaka akapaka jemu ya mapera aliyoichemsha tangu Alhamisi, na odii, ile siagi nzito ya njugu, iliyotiwa sukari.

Baada ya ibada turubai lilijaa. Mwalimu Wakoli alikuwa ameshashika ndizi yake.

"Mwalimu, weka ndizi chini," Beldina akasema.

"Kuna nini, mwanafunzi?"

"Kuna keki. Haina yai. Haina maziwa. Siagi ya kopo haina. Ni njugu."

Mwalimu aliangalia kipande kwenye sahani, matabaka matatu yamesimama moja juu ya jingine, jemu ikichungulia katikati. Akaweka ndizi chini, akachukua uma.

Beldina alimtafuta Benta kwa macho. Benta alikuwa ameinua uso kuangalia turubai, kama mtu anayehesabu matundu yake. Hangesema. Ilionekana wazi kuwa hangesema kitu leo wala kesho.

"Ngoja, Mwalimu," Beldina akasema.

Uma ukasimama hewani.

"Hiyo ya chini. Moto nilizima kabla jua halijazama, hiyo naapa. Lakini ilikuwa bado haijaiva. Iliivia kwenye mchanga, Sabato ikiwa imeshaingia."

Meza nzima ikaanza kusema kwa pamoja.

"Mchanga si moto!" Gordon, shemasi, akasema. Alikuwa ameshamaliza kipande chake.

"Joto ni joto, Gordon. Wewe unajitetea."

"Na chai ya kwenye thamosi? Si inakaa moto mpaka saa hizi? Tuimwage?"

"Chai iliiva jana!"

Mwalimu akainua mkono, wakanyamaza kama darasa.

"Beldina. Moyo wako ulikuambia nini?"

"Uliniambia nikuambie."

"Basi."

Akakata tabaka la juu, akatafuna polepole. Akakata la katikati. Hakuna aliyesogea. Beldina alijikuta ameshikilia leso yake kwa mikono miwili.

"Miaka kumi na moja," Mwalimu akasema mwishoni, sauti ikiwa ndogo. "Nilikuwa nimesahau kwamba keki inanyamazisha mtu." Halafu akatoa kitambaa mfukoni, akafunga lile tabaka la chini kwa uangalifu. "Hii itangoja jua. Na mimi najua kungoja. Nimefundisha ngumbaru."

Watu wakaangua kicheko, na Beldina akacheka kuliko wote. Wengine wakatenga vipande vyao vya chini. Watoto walikuwa wamechelewa kusikia. Vyao vilikuwa tumboni kitambo.

Jioni ile, jua lilipozama ziwani na Sabato ikatoka, hodi ilipigwa mlangoni kwa Beldina. Alikuwa Mwalimu, kitambaa mkononi. Nyuma yake alisimama Benta na sahani iliyofunikwa.

"Usiniangalie hivyo," Benta akasema. "Hata mimi niliweka yangu."

Beldina akawasha jiko, akatengeneza chai ya rangi. Wakala.

"Ndiyo bora kuliko zote," Mwalimu akasema.

"Ni mchanga," Beldina akasema. "Haukuharakishwa."

Benta alilamba kidole chake cha mwisho. "Haya, Nyar Seme. Suti imemkaa chapati."

Mwalimu akasafisha koo. "Huko Kimilili nitakuwa peke yangu, lakini mikono ninayo. Niandikie inavyopikwa."

"Nikuambie tu."

"Hapana. Niandikie."

Beldina akatoa daftari la mjukuu, akachonga penseli kwa kisu, akainama karibu na taa. Aliandika njugu, na namna ya kuzitwanga. Aliandika ndimu. Kwa herufi kubwa aliandika USITIE MAGADI. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa, Benta akapiga miayo mara tatu. Mwalimu aliketi mikono magotini, akiiangalia penseli ikitembea.

Alipomaliza, Mwalimu aliisoma karatasi yote mpaka chini. Akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, akaweka alama ya vema pembeni, kubwa, kama zamani. Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake.

"Na mimi je?" Benta akauliza.

"Wewe ngoja," Beldina akasema, akafungua ukurasa mwingine.