Vidonge vya Nunow na Shingo ya Adey

Nunow alipoamka amejaa magamba meupe kuanzia utosini hadi magotini, mkewe Batula hakupiga hata yowe. Alimkagua kama anavyokaguliwa ngamia mwenye upele, akamtenga nje ya boma, akaenda kuyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo.

"Batula, mimi si ngamia!"

"Nyamaza. Wenzako hupona kwa wiki moja."

Laiti angejua! Madaktari wa Nairobi walikuwa wamemkuta Nunow na saratani ya tezi, shingo imemvimba hata kugeuka hawezi. Walimpa vidonge, uvimbe ukanywea, na hata lile baka kavu la kiwikoni, alilokuwa nalo tangu ujana, likapotea. Akarudi Garissa na vidonge vya miezi miwili na onyo moja: asikatize hata siku moja. Sasa mwezi haujaisha na chupa iko tupu. Na vita hivi vya shifta, waasi wa mpakani! Malori yalikwenda Nairobi kwa msafara wa askari tu, na kutoka kijijini kulitaka kibali. Nunow aliona kifo kinamkodolea macho, na kusema kweli akaona haya.

Siku ya tatu mafuta yalishindwa. Batula akamburuta hospitalini. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari aliyezoea kupekua watu hadi ndani ya makubadhi aliyaona magamba, akakisoma kibali kwa mbali, akawapungia wapite upesi.

Dresa Jillo, mganga msaidizi, alisoma cheti cha Nairobi, akamtazama mara moja. "Huu si upele, mama. Ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Huamka mtu akiacha vidonge hivi ghafla. Mzee, vidonge viko wapi?"

"Vimekwisha."

"Vya miezi miwili?"

Nunow akatazama miguu yake. "Nilikuwa nakula na mwenzangu."

"Mwenzako!" Batula alisimama. "Ni yule mjane wa kule Sangailu! Nilijua mimi!"

"Astaghfirullah! Ni Adey."

Batula akaketi tena. Adey alikuwa ngamia wa Batula mwenyewe, wa maziwa.

"Shingo ilimvimba kama yangu," Nunow alisema. "Nikampa. Ila ngamia ni mkubwa, kimoja hakimtoshi. Nikawa nampa vinne."

Jillo aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Usicheke, kijana. Mimi nikifa nitazikwa siku hiyo hiyo, yamekwisha. Adey akifa, huyu mama atakunywa nini?"

Jillo hakucheka tena. Alitoa kabatini chupa ya vidonge vya kumfikisha Nunow hadi msafara wa Alhamisi, akaandika barua ya kumrudisha Nairobi. Batula aliipokonya chupa, akaifunga kwenye pindo la shuka yake, machozi yakimtiririka.

"Mjinga wee! Maziwa nitaomba kwa jirani. Mtu wa kugombana naye nitamwomba kwa nani?"

Kisha akampa kidonge, akamshika taya kama anavyoshikwa ngamia, akangoja hadi alipomeza.