Mkono Ukipanda

Chuoni kwetu, hata sisi tuliosomea ufundi umeme tulilazimishwa kuchagua somo moja la pembeni: muziki, falsafa au kuhutubia. Sauti yangu ni ya chura, na falsafa iliniumiza kichwa, basi nikaangukia kuhutubia. Mwalimu wetu alikuwa mkali kama pilipili, na sheria yake ilikuwa moja: "Nikiinua mkono, kaa chini, hata kama neno liko mdomoni." Ukiongeza neno, anakukata alama. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nakaa kabla sijafikiri.

Baba alipofariki, baba mdogo aliniambia, "Wewe ndiye uliyesomea kuongea. Utasema kwa niaba ya watoto wote."

Nikasimama mbele ya jeneza, uani kwetu. Nikaeleza jinsi baba, fundi bomba, alivyoshindwa kupita bomba la jirani linalovuja bila kulikaza, aitwe asiitwe. Watu wakacheka huku wanalia. Sentensi moja nilikuwa nimeibakiza ya mwisho. Ndipo mama, kwenye viti vya mbele, akainua mkono kujikinga na jua.

Nikakaa.

Wote walinisifu kwa kusema kwa ufupi. Mama peke yake aliniuliza, "Mbona ulikatisha, mwanangu?"

"Nilikuwa nimemaliza, Mama."

Uongo mtupu. Sentensi yenyewe bado imenikwama kooni: Baba, simu yako ya mwisho niliiona ikiita, nikaiacha, kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi ya kuhutubia.