Bunduki ya Robo na Mukono ya Shemeki

Bon. Watu wengi wanafikiri risasi ni risasi tu, unanunua boksi ku duka, unaenda. Mimi pia nilifikiri vile, mpaka ule mwaka wa 2023 shemeki yangu Byamungu alitoka mu kambi kule Tanzania, wakamuleta Amerika, wakamuweka Buffalo mu baridi. Mimi niko hapa Louisville. Bibi yangu Theodosia akasema kaka yake atakuja kutuona wiki ya dinde, yule bata mzinga, ile wiki ya mwezi wa kumi na moja Waamerika wote wanakula dinde na kazi inafungwa.

Hatukuonana naye tangu vita ya tisini na sita.

Sasa musikilize, juu bila hii hamutaelewa kitu. Kwetu kule, upande wa musitu, mwindaji akiua nyama, mukono ya kuume ya mbele ni ya kaka wa bibi yake. Nzima, na bega yake, bila mufupa ya kuvunjika. Nyama inatundikwa, shemeki anakuja, anaiangalia, wanamukatia mbele ya watu. Akishika ule mukono, njo amekubali kama dada yake anakula vizuri kwako. Asiposhika, atakula ugali yako, atacheka na wewe, lakini mu nyumba yako hajaingia. Mimi nilioa Theodosia, na mbele ya wakati wa kuwinda kufika, vita ikafika. Kila mutu akakimbia na njia yake. Donc Byamungu hakuwahi kushika mukono kwangu hata siku moja, na dada yake alikuwa na wajukuu tayari.

Mutoto yetu Dative, yule wa Westerville, kule Columbus, akanipigia simu. Asema, Papa, si ununue mbuzi ku Wasomali, hapa wanachinja muzuri. Nikamwambia mbuzi ya kufunga na kamba haina mwindaji. Akacheka, akageukia watoto wake na Kingereza, nikajua wananisema.

Bunduki ilikuwa ya Vernon. Vernon ni muzee wa hapa, tulifanya kazi naye Jeffersontown mu depo ya vipuri, yeye ku forklifti, mimi nafunga makatoni. Alikuwa ameshaacha kazi, mikono yake ilianza kutetemeka sana. Baba yake alimuachia bunduki ya kuwindia kulungu, mubao yake imekuwa nyeusi pale shavu inakaa. Kinywa yake ni ndogo, robo ya inchi. Niliporudi nyumbani kueleza, Theodosia alikuwa anachagua majani ya sombe, hakuinua hata macho.

"Bunduki ya robo itaua robo ya nyama," akasema. "Angalia tu isiwe robo yenye mukia."

Bon. Vernon hakukuwa mutu wa kununua risasi. Alizitengeneza mwenyewe mu garaji, na ile ya robo, alisema, ku duka utaitafuta mpaka uchoke. Risasi ni vitu ine: ganda ya shaba, fataki ku matako yake, baruti ndani, na kichwa juu. Ukiisha kupiga, ganda unaokota, unasafisha, unajaza tena. Lakini na ile mikono ya kutetemeka, baruti ilikuwa inamwagika ku meza kama chumvi. Njo maana aliniita. Yeye akae ku kiti anaamuru, mimi nipime ku mizani.

Mara ya kwanza nilishika lile ganda tupu, unajua nilifanya nini? Nililipeleka ku mudomo, nikapuliza, likapiga filimbi. Vernon akaniangalia kama nimepata wazimu. Ile nilijifunza kwa baba yangu. Kwetu chefu wa mulima alikuwa na bunduki moja, kalibre douze, anamupa baba risasi moja, anangojea nyama moja. Baba akipiga, anatafuta ganda mu majani mpaka alipate, analipuliza. Likilia vizuri, haina ufa, watalijaza tena. Likilia kama mutu mwenye mafua, anawapa watoto wachezee. Mimi na ndugu zangu tulikuwa na maganda yenye mafua mengi, tulikuwa tunapiga muziki nayo mpaka mama anatufukuza nje. Ile harufu ya baruti ya zamani ku shati ya baba, nikiwa nimelala ku mugongo yake tukirudi, hata leo ikinipitia ninaijua.

Nilimueleza Vernon na Kingereza yangu ya kuvunjika. Akachukua ganda yake, akapuliza. Likalia. Tangu siku ile hatukujaza ganda hata moja bila kupuliza, wazee wawili mu garaji, mutu angepita angesema hawa wamerudi shule ya watoto.

Shida ilikuwa kichwa. Alikuwa na aina tatu mu vikopo ya kahawa. Nyepesi, ya kuulia panya munene ya mashamba. Ya katikati, yenye ncha, ya mbio. Na nzito, pua yake ya muviringo, ya polepole. Vernon alitaka ile ya katikati, na alitaka nipige mu bega. Ukivunja bega, kulungu anaanguka pale pale. Na alikuwa na sababu. Shamba ya kuwindia ilikuwa ya dada yake, na chini kulikuwa kijito na seng'enge, na upande ule jirani mwenye roho mbaya. Nyama ikiruka seng'enge, jirani hafungui mulango. Umepoteza yote.

Nikamwambia, Vernon, bega haiko yangu. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya shemeki. Akauliza shemeki yako anajua kulungu gani? Nikaeleza tena, na mikono, mpaka nikasimama kama nyama imetundikwa. Akakuna kidevu. Akasema tuulize vitabu.

Alikuwa na vitabu vya namba za simu vya zamani, vinene, hakuna mutu anavitumia tena. Tukavilowesha mu maji, tukavipanga shambani, tukapiga. Ile nyepesi ilipasuka juu juu, ikachana makaratasi kama mbwa ameyashika. Ya katikati ikaingia, lakini ikafanya shimo ningeweza kutia ngumi. Nzito ikapita polepole na heshima, shimo ndogo, na tulipoitafuta ndani tukaikuta imefunguka kama uyoga, nzima. Vernon akaigeuza ku kiganja yake yenye kutetemeka. Asema hii haitaharibu nyama, lakini ukipiga nyuma ya bega, mu mbavu, kulungu atakimbia. Unaweza kumupoteza.

Nikasema nitajaza nzito.

Jumamosi ya mbele ya dinde nikaenda. Nilikaa chini ya muti, na gile yangu, kizibao ya rangi ya machungwa, kama mutu wa kutengeneza barabara. Vernon alibaki mu gari na kahawa. Baridi iliuma, na mimi niliwaza baba tu: yeye hakukuwa na gile, alikuwa na mbwa wawili wenye kengele ya mubao ku shingo, na sisi watoto tulijua yuko wapi kwa kusikia ile kengele tu. Sijui niliwaza muda gani. Nilipoinua macho kulungu dume alikuwa pale, pembe ndogo, upande wake wa kushoto kwangu.

Nikaweka alama nyuma ya mukono, mu mbavu. Nikavuta. Na wakati kidole inavuta, akapiga hatua, akageuka kidogo, kama mutu aliyeitwa jina.

Akakimbia. Akaenda chini ku kijito, chini kabisa, nikaona seng'enge, nikaona mukia mweupe. Akaanguka pua yake karibu kugusa waya. Upande wetu.

Lakini tulipomutundika kwa pembe mu ghala ya dada ya Vernon na kuchuna ngozi, tukaona. Risasi iliingia mu mbavu za kushoto vizuri, ikapita na pembeni, ikaenda kulala mu bega ya kuume. Mufupa imevunjika, nyama nyeusi na damu. Mukono ya kushoto, muzuri kama siku ya kuzaliwa. Ule wa kuume, wa shemeki, umekufa.

Vernon akasema pole. Theodosia nilipomwambia alizima moto ya jiko, akakaa. Ningependa anisemeseme.

Nyama ikabaki imetundikwa, baridi ilikuwa inaitunza. Byamungu akachukua bisi Buffalo mpaka Columbus, Dative akamuleta na gari mpaka huku. Alishuka mukondefu, nywele nyeupe, na ile koti munene walimupa ku kanisa ya Buffalo, mikono ya koti inafika ku vidole. Theodosia alimushika shingo, hawakuachana, Dative akaenda kujifanya anatafuta kitu mu gari. Kisha Byamungu akaniangalia.

"Wewe nilikupa dada ukae naye jirani," akasema. "Umemukimbiza mpaka ku mwisho wa dunia, na bado nimekupata."

Akauliza nyama iko wapi. Kwetu hawaulizi kama iko.

Tukaenda ku ghala sisi wote. Akazunguka ile nyama polepole, mikono nyuma. Akafika ku bega ya kuume, akainama. Nilianza kueleza, mara risasi nzito, mara hatua ya kulungu, mara seng'enge. Theodosia alikuwa ameshika kitambaa yake ku mudomo. Vernon alitoa kofia, hakuelewa neno hata moja lakini alielewa.

Byamungu akasimama mbele ya nyama, uso kwa uso, kama mutu anasalimia mugeni. Akanyoosha mukono yake ya kuume, moja kwa moja. Ikagusa mukono ya kushoto ya kulungu, ule muzima.

"Mimi nimesimama hapa," akasema. "Kuume yangu ni hii. Nani alisema ni kuume ya nyama? Nyama ilikuoza bibi?"

Dative njo alianza kucheka, kisha mama yake, kucheka na kulia, huwezi kuvitenganisha. Nilimukatia. Aliushika kwa kwato, akautia ku bega juu ya ile koti ya kanisa, akauliza mulango ya nyumba yangu iko wapi, aingie.

Vernon alinivuta shati, nimueleze. Nikamueleza. Alikaa ku debe, akacheka mpaka mikono yake ikatulia kidogo.

Mukono ulirudi Buffalo ndani ya kisanduku ya barafu, ku magoti ya Byamungu, ndani ya bisi. Alinipigia simu kutoka kule Bailey, barabara anakaa, asema majirani wamekuja kuuona, hajakata bado. Kisha akasema mwaka kesho atakuja kusimama nyuma ya nyama, pale kuume yake na kuume ya nyama ziko upande moja, nijitayarishe.

Mimi na Vernon tulianza kupuliza maganda mbele ya theluji kuisha.