Makopo Chini ya Jokofu

Mganga wa kienyeji, pamoja na kuku wake mweusi, akikupa dawa hukutajia na miiko yake: usile pweza, usioge mtoni. Kampuni iliyotuletea jokofu la mafuta ya taa hapa zahanati ya Miono, mwaka wa sabini na sita, haikututajia mwiko hata mmoja. Kikaratasi chake kilisema jaza mafuta, washa utambi, likiharibika tuite. Basi.

Humo ndimo tulimohifadhi chanjo ya surua. Chanjo ikipata joto hufa, nawe muuguzi unabaki kumchoma mtoto maji matupu.

Sisimizi walipoanza kulipanda, tukaweka kila mguu ndani ya kopo la maji, kama kila mtu afanyavyo kwa kabati lake la chakula. Jokofu likawa linapoteza baridi kidogo kidogo, na kipimajoto hatukupewa. Tulipogundua, kampuni ikamleta fundi wake Humoud, kijana mpole wa Bagamoyo mjini. Akatutoa nje, akafunga mlango. Alipofungua, jokofu lilikuwa linapoza na makopo yamepangwa kando ya ukuta. Tukadhani yalimzuia kufanya kazi. Alipoondoka, tukayarudisha.

Safari yake ya tatu, mama mmoja aitwaye Tatu alikuwa barazani na mtoto wake wa pili, anasubiri chanjo. Wa kwanza, Mosi, nilimchanja kwa mkono wangu na surua ikamuua vile vile. Sikuwa na subira tena. Nikausukuma mlango.

Humoud hakuwa amefungua hata skrubu moja. Miguu ya jokofu ilikuwa sakafuni, na juu yake ameweka pimamaji, ile ile ya waashi.

"Ni makopo?"

"Dada Khairiya, tafadhali funga mlango."

"Nakuuliza, ni makopo?"

"Likiinama halipozi, na makopo hubonyea chini yake, kila moja kivyake," akasema. "Tumekatazwa kusema. Nimetia sahihi. Wateja wakijua, nani atatuita?"

Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo. Kazi ya pimamaji, anayoijua kila mwashi wa Lugoba, wao wakaifanya siri ya dola. Na huyu, aliyelelewa chuoni akahitimu msahafu, aliyaona makopo mara zote tatu akanyamaza.

Nikamwita Tatu ndani. "Huyu ni mama yake marehemu Mosi. Mweleze yeye."

Akaeleza, macho chini. Tatu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, "Kaka yangu, mara ya kwanza uliyaona lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Mosi nilimleta baada ya Idi."

Humoud akaanza kuomba radhi. Tatu alinikabidhi mtoto, akayaokota makopo, akatoka nayo uani, akayaponda moja baada ya jingine kwa jiwe.